Mafuta Yapo, Hayafiki

Chukua kipande cha mpira wa mafuta uliozeeka, ukichane kwa kisu kutoka ncha hadi ncha, kisha ukifungue. Nje utaona mpira mweusi, mkavu kidogo, wenye vumbi na alama ya klipu pale ulipokazwa. Hauna cha kukushtua. Ndani utakuta ngozi nyingine kabisa: imevimba, imelegea, imebambuka kutoka kwenye nyuzi zilizoishikilia, na mahali fulani imejikunja ikaziba njia. Nilikiona kipande cha namna hiyo Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, kimelazwa juu ya gunia pembeni ya Land Rover 109 ya pikapu, mali ya mzee mmoja anayewabebea watu mahindi kutoka vijiji vya ndani na mbolea kwenda huko. Gari lilikuwa likizimika kila lilipoanza kupanda kuelekea mjini. Mzee alikuwa na neno moja tu, na alilirudia kwa kila aliyesogea: mafuta yapo, matangi yote mawili yamejaa, nimejaza mwenyewe. Fundi, kijana wa rika la mwanawe, alimwitikia kutoka uvunguni mwa gari bila kutoa kichwa. "Yapo, mzee. Hayafiki."

Nimeishi na jibu hilo tangu siku ile. Naamini ndani yake mna habari ya gari, na mna habari yetu sisi wenyewe, tunaopenda sana kuhesabu kilichomo na mara chache kuuliza kinapitia wapi.

Gari lenyewe kwanza. Land Rover zilianza kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Hii ya 109, iliyopewa jina kwa inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na ndugu zake wa ukoo wa Series waliendelea kuundwa hadi 1985. Bodi yake ni aloi ya alumini, haijui kutu. Chesisi ni chuma, na kutu huila taratibu kwa chini, mahali ambapo mwenye gari hainami kutazama. Ndiyo maana utakutana na 109 iliyobonyea kila upande lakini haijatoboka popote, ukadhani ni nzima, kumbe mifupa imekwisha. Mapadre walisafiri nazo, mabwana shamba, askari wa wanyamapori, wauguzi wa kliniki za vijijini. Mapenzi ya watu kwa magari haya hayajapoa: Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover, wenye nazo wakaja kuandamana nazo barabarani. Chini ya kiti cha kulia kuna tangi la mafuta, na kwa zile zilizoandaliwa kwa safari za mbali kuna la pili chini ya kiti cha kushoto. Kila moja hubeba takribani lita 45. Kati ya viti, kwenye sanduku la bati, kuna koki ndogo. Igeuze huku, injini inakunywa kulia. Igeuze kule, inakunywa kushoto. Kutoka kwenye koki kwenda mbele hakuna tena kulia wala kushoto. Kuna njia moja, nyembamba, hadi kwenye pampu.

Matangi mawili yalikuwa jibu kwa barabara. Aliyeyaweka alimfikiria mtu anayetoka Tabora kwenda Mpanda, zaidi ya kilomita 300 za miombo na mbung'o, katika siku ambazo lami haikuwako na mtu wa kwanza utakayekutana naye angeweza kuwa mrina asali. Kwenye barabara mbovu, na mzigo nyuma, gari hili hula lita moja kwa kilomita tano au sita. Tangi moja halikufikishi. Na hata ukifika, sheli ya huko ingeweza kuwa na mtu, na kivuli, na pampu, lakini isiwe na tone. Wengi wa rika la mzee yule wanakumbuka miaka ya uhaba, foleni za madebe, na amri iliyokataza magari ya watu binafsi kuonekana barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Kwa kizazi hicho tangi la pili lilikuwa usingizi. Mtu alilala akijua kwamba hata kesho ikikosa huruma, chini ya kiti cha abiria mna lita 45 ambazo hakuna wa kumwomba.

Sasa angalia palipo na ufa. Pampu ya mafuta ya gari hili haikai tangini, kama ilivyo kwa magari mengi ya siku hizi. Imefungwa ubavuni mwa injini, inaendeshwa na kamshafti, na kazi yake ni kuvuta. Maana yake ni kwamba safari yote ya mafuta kutoka tangini hadi pale ni safari ya kuvutwa, na mpira wa njia ya kuvuta ukipata ufa, mara nyingi haumwagi kitu nje. Unaingiza hewa ndani. Ufa unaomwaga hujitangaza wenyewe, kwa harufu na kwa doa mchangani asubuhi. Ufa unaonyonya hauna doa. Kwenye tambarare injini inaomba kidogo, na pampu inamudu, hata ikiwa nusu ya inachovuta ni upepo. Mlima ukianza, injini inadai zaidi, mvuto unaongezeka, na ile ngozi ya ndani iliyobambuka inavutwa na kufunga njia, kama mdomo wa mtoto aliyekataa uji. Gari linazima. Dereva anateremka, anafungua kifuniko cha tangi, anaona mafuta yanang'aa. Anakaa kivulini, anawaza la kufanya, na wakati anawaza mvuto unakwisha, ngozi inarejea mahali pake, njia inafunguka. Akijaribu tena, gari linawaka. Anamshukuru Mungu na kuendelea na safari, na ugonjwa unasafiri naye. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Lakini yapo maradhi yanayojificha yenyewe, hata kwa mgonjwa aliye tayari kuyataja mbele ya kila mtu.

Kilichonipendeza kwa fundi yule ni kwamba hakuanza na spana. Alianza na koki. Alimwomba mzee ageuze kutoka tangi la kulia kwenda la kushoto, apande tena mlima. Gari likazimikia karibu palepale. Akafikiri kwa sauti, nasi tukamsikia: kama kosa lingekuwa upande wa kulia peke yake, kuhamia kushoto kungeleta nafuu. Nafuu haikuja. Basi ama pande zote mbili zimeugua ugonjwa mmoja siku moja, ama kosa liko mbele ya koki, mahali ambapo njia mbili zimekwisha kuwa moja. Akaanza na hapo, na hapo ndipo kilipotoka kile kipande cha mpira, chenye urefu wa mkono tu. Fikra safi kiasi hicho, iliyofanywa uvunguni mwa gari, mgongo juu ya gunia na vumbi likidondokea machoni, inastahili heshima tunayowapa watu wenye meza. Alitaka kujua kwanza wapi vitu vinapotengana na wapi vinapokutana, kwa sababu kosa la mmoja hukaa kabla ya makutano, na kosa la wote hukaa baada yake.

Tunaambiwa tangu utotoni kwamba akiba haiozi. Nimeipenda methali hiyo maisha yangu yote, na sikusudii kuitupa leo. Lakini iko nyingine inayopaswa kukaa jirani yake, nayo ni kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Lita 90 zilizo chini ya viti, wakati injini imekauka, ni fimbo iliyobaki nyumbani, na ni mzigo pia. Gari linabeba uzito wa mafuta yanayolikataa. Mtu anaweza kufa njaa akiwa mwenye ghala, na nchi pia inaweza. Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kufundishwa jambo hili. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zimelisha taifa kwa mahindi kwa miongo mingi, na wazee wanakumbuka misimu ambayo magunia yalirundikwa nje yakanyeshewa mvua kwa kukosa lori la kuyatoa, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, au spea hazikuwapo, au dizeli haikuwapo, wakati katikati ya nchi watu walikuwa wakitazama mbingu. Chakula kilikuwapo. Takwimu zilikionyesha. Hakikufika.

Barabara ile inayopita Ipogolo inajua hadithi kubwa zaidi ya namna hii. Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ikajikuta imefungiwa. Mafuta yake yalikuwa yakipita kusini, kupitia mikono ya watu wale wale waliokuwa sasa mahasimu. Zambia ilikuwa na shaba iliyotafutwa na dunia nzima. Ilikuwa na watu, na bendera, na uhuru wake. Haikuwa na njia. Ndege zikaanza kubeba mapipa ya mafuta angani, jambo la gharama isiyosemeka, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, juu ya barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi mno hata safari hiyo ikapewa jina la jehanamu. Halafu, mwaka 1968, likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Nyerere na Kaunda walisema mengi juu ya udugu wa nchi zao, na walistahili kuyasema, lakini naliona bomba lile kama sentensi yao iliyo wazi kuliko zote. Lilianza kwa kupitisha mafuta yaliyosafishwa, likageuzwa kupitisha ghafi, na mwaka 2023 likarudi kupitisha dizeli. Limezeeka sasa, na linadai matunzo yale yale ambayo mpira wa mzee wa Ipogolo uliyadai ukanyimwa. Huku kaskazini bomba jingine, la mafuta ghafi ya Uganda, limepangwa kwenda kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Na kwa kuwa ghafi hiyo ina nta nyingi na huganda ikipoa, bomba lenyewe lazima lipashwe joto njia nzima. Hata mafuta yana tabia. Yapo yasiyokubali kwenda mpaka njia iwe na joto la kuyapokea.

Turudi uvunguni, kwa sababu kazi yenyewe inafaa kutazamwa. Kwanza waya hasi wa betri ulifunguliwa. Gari lilikuwa nje, upepo unapita, na mama aliyekuwa akiuza chai aliombwa kwa adabu ahamishe jiko lake la mkaa ng'ambo ya pili. Mafuta yalitolewa matangini kwa pampu ya mkono. Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa katika gereji nyingi hayatolewi hivyo. Hutolewa kwa mdomo: utingo huingiza mpira tangini, huvuta pumzi, hutema, na wote hucheka. Petroli ikiingia mapafuni huunguza, na kidogo tu huweza kuua. Tena kwa miongo mingi petroli tuliyouziwa ilikuwa na risasi, sumu ya ubongo na damu, iliyochanganywa makusudi tangu miaka ya 1920 ili injini zisigonge. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeacha kuiuza. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021, na habari ya mwisho wake ilitangazwa kutoka Nairobi, makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Nikiwafikiria vijana wote walionyonya ile petroli ya zamani kwa vinywa vyao ili magari ya wengine yatembee, nakosa neno. Miili yao ilikuwa sehemu ya njia ya mafuta, na hakuna aliyeiandika katika kitabu cha matengenezo.

Kisha mipira yote ilitolewa, pamoja na ile iliyoonekana mizima. Mzee alisita hapo. Alitaka kibadilishwe kipande kilichooza tu, na nilimwelewa, maana umaskini humfundisha mtu kulipia kilichovunjika na kukiomba kilichobaki kivumilie. Fundi alimwonyesha kwa vidole. Alikunja mpira wa kulia, nyufa ndogo zikajitokeza mgongoni mwake. Akakunja wa kushoto, zikajitokeza pia. Mipira hiyo ilifungwa pamoja, ikala joto lile lile na petroli ile ile kwa miaka ile ile; kungoja mmoja mmoja udai zamu yake ni kukubali kukwama porini mara nyingi badala ya kukaa Ipogolo siku moja. Mzee alinyamaza, akatoa fedha iliyokuwa imefungwa ndani ya kitambaa. Sikuona jambo la ushujaa zaidi wiki ile.

Kununua mpira ni elimu nyingine. Pale Gerezani, Dar es Salaam, na katika maduka ya spea ya kila mji, mpira mweusi ni mpira mweusi mpaka uugeuze na kusoma maandishi ya ubavuni. Wa mafuta huandikwa kiwango chake, SAE J30 na daraja linalofuata. Wa maji hauandikwi hivyo, na ukipitisha petroli huvimba, hulegea, na hurudia historia ile ile kwa haraka zaidi. Plastiki nyeupe inayopendwa kwa kuwa unaona mafuta yakipita hukakamaa na kuvunjika. Bomba la kopa, linalochukuliwa kutoka kazi za majokofu, hupinda kwa urahisi na kung'aa vizuri, lakini mtikisiko wa barabara huligandisha likawa gumu, kisha likapasuka penye kona. Nimeona pia tangi lililozibwa kwa sabuni ya mche, na lazima niseme kwamba sabuni hufanya kazi, kwani petroli haiyeyushi sabuni. Imewatoa watu wengi porini, na namshukuru aliyeigundua. Ila sabuni ni ya kufika nyumbani. Tatizo letu ni kwamba tukishafika nyumbani tunaiacha palepale, tunasahau, na baada ya mwaka tunaiita ukarabati.

Njia mpya ilipitishwa mbali na bomba la moshi, na kila ilipopenya kwenye tundu la chesisi iliwekewa mpira wa kuzuia msuguano, kwa kuwa chuma chenye makali hukata polepole na hakina haraka. Klipu zilikazwa kwa kiasi. Zikikazwa mno huula mpira zilioukusudia kuulinda. Kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu kilifunguliwa, na tope la kutu na maji likamwagwa. Halafu yule kijana akachezesha kijiti cha pampu kwa kidole, taratibu, mpaka kikombe kikajaa petroli isiyo na povu, akaomba gari liwashwe. Hakusimama hapo. Aliacha injini ikinguruma na kupitisha kiganja chake kikavu kwenye kila kiungo, upande wa koki kulia, kisha upande wa koki kushoto, akinusa vidole vyake kila mara. Ukaguzi wa aina hiyo hauna mashine wala cheti. Unategemea mtu anayejali.

Na kujali huku ni jambo la uhai. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba na kuingia mfereji uliopita kati ya nyumba za watu. Moto ulipolipuka, uliwaua watu wapatao 100. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka kando ya barabara hii hii ninayoizungumzia, watu wakaja na madumu, na moto ukawakuta wameinama. Waliokufa walikuwa zaidi ya 100. Watu walisema mengi juu ya tamaa. Mimi sina ulimi wa kuwalaumu waliokufa wakichota lita tano ambazo zingewalipia karo. Nitasema tu kwamba mafuta yakiwa ndani ya njia yake ni nguvu inayoleta mgonjwa hospitali, na hayohayo, hatua moja nje ya njia, hayana rafiki. Hata matajiri wamelijifunza hilo kwa vilio. General Motors iliunda pikapu kuanzia 1973 hadi 1987 ikiwa na matangi ubavuni, nje ya fremu, mahali ambapo gari lingine likigonga linagonga mafuta. Watu waliungua, kesi zikafunguliwa, na Desemba 1994 kampuni ilikubaliana na serikali ya Marekani kutoa zaidi ya dola milioni 51 kwa ajili ya miradi ya usalama, huku magari yenyewe yakiachwa barabarani. Waliotaka nafasi ya mafuta mengi waliipata. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa sauti ya kusikika: yakitoka humo, yataelekea kwa nani?

Liko jambo moja bado, nalo ndilo linaloniumiza zaidi. Tangi la kushoto la mzee lilikuwa halijatumika kwa muda mrefu. Alilijaza, akalifunga, akaendesha kwa la kulia mwaka hata mwaka, kwa sababu la kushoto lilikuwa la dhiki, na dhiki ya kutosha haikuwa imekuja bado. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza roho yake nyepesi na kubaki na utomvu wenye harufu kali. Maji hutokea ndani ya tangi kwa baridi ya usiku wa Iringa, na maji huleta kutu. Mafuta yaliyotolewa upande ule yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo akiba yake ilikuwa imeoza, samahani wahenga, na ilioza kwa sababu ya heshima: aliiheshimu mno asiiguse. Nimewaona watu wakitunza ujuzi hivyo. Fundi mkongwe anayemficha mwanafunzi wake siri ya kabureta mpaka mkono wake utetemeke. Bibi mwenye dawa ya watoto ambaye hakuonyesha mtu mti wenyewe. Mzazi anayejua historia ya ukoo na shamba, akingoja siku ya kuwaketisha wanawe, na siku inakuja akiwa hana tena sauti. Madereva wa zamani walikuwa na desturi nzuri ya kubadilisha, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto, ili mafuta yawe mapya pande zote na koki isikauke ikagoma. Waliitunza akiba kwa kuitumia.

Na serikali zetu, na misikiti na makanisa yetu, na vyama vyetu vya ushirika, vina mapenzi na matangi. Tangi la maji huzinduliwa kwa ngoma, jiwe la msingi likaandikwa jina la mgeni rasmi. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya mpira wa urefu wa mkono, wala bajeti ikishangiliwa kwa sababu imetenga fedha za viungo na klipu. Kituo cha afya kinajengwa, dawa zinawekwa stoo wilayani, na kijiji kinazikosa kwa kuwa pikipiki ya kuzipeleka imelala wiki tatu ikingoja tairi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: sote tunaijua, tunaifundisha shuleni, tunaiandika kwenye kanga. Lakini ukuta una picha, na ufa hauna. Nasema bila kusita kwamba nchi inayojua kutunza mipira yake ni tajiri kuliko nchi inayojua kujenga matangi tu, na kwamba kijana wa Ipogolo anafanya kazi ya taifa kwa kiwango ambacho mshahara wake haujakiona.

Mzee alipanda mlima bila kusimama, na kesho yake alirudi vijijini na mbolea. Wewe unayeendesha gari la umri huo, usingoje mlima ukwambie. Inama chini ya gari wiki hii. Kunja kila mpira wa mafuta kwa vidole uuone mgongo wake, na ukikuta nyufa kwenye mmoja badilisha yote: wa kulia, wa kushoto, na ule mfupi kati ya koki na pampu. Soma maandishi kabla ya kulipa. Toa petroli ya zamani kwenye tangi usilolitumia. Nunua pampu ya mkono, na usimruhusu tena kijana yeyote anyonye mafuta yako kwa mdomo wake.